Injini Kuukuu na Uaminifu wa Fundi

Kazi za binadamu ni za namna mbili. Ziko zinazofanywa mbele ya macho ya watu, na ziko zinazofunikwa mara zinapokwisha. Rangi ya ukuta huonwa na kila apitaye, lakini msingi wa nyumba hauonwi na mtu. Kitambaa cha koti husifiwa barabarani, lakini bitana yake haijulikani ila na mvaaji. Kazi ya kwanza ina mashahidi wengi. Ya pili haina shahidi ila yule aliyeifanya. Basi kila mtu ajiandaaye kuishi kwa kazi ya mikono yake, au ya akili yake, hana budi kujiuliza swali hili: Je, deni la uaminifu katika kazi iliyofichwa ni sawa na deni la uaminifu katika kazi ionekanayo? Ama mtu akijua kwamba hapana jicho litakalofika mahali ulipopita mkono wake, deni hilo limefutwa?

Wengi watajibu upesi kwamba deni ni moja. Jibu hilo ni zuri, lakini jibu la upesi halina uzito mpaka litiwe katika mizani ya kazi yenyewe. Katika insha hii nataka kulipima kwa kazi ya mtu aliyeazimia kuifungua injini ya motokaa kuukuu, kuitengeneza upya, na kuifunga tena. Nimeichagua kazi hiyo kwa sababu ni vigumu kupata nyingine ambayo ndani yake mambo makubwa hufichwa mahali padogo namna ile.

Tuchukue mfano wa Peugeot 404, motokaa ya Kifaransa iliyoanza kuuzwa mwaka 1960, na ambayo jina lake lilivuma sana katika Afrika ya Mashariki. Injini yake ya petroli ijulikanayo zaidi ina silinda 4. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 84, na pistoni hupanda na kushuka mwendo wa milimita 73. Ukijumlisha nafasi za silinda zote nne unapata sentimita za ujazo 1,618. Injini hiyo imelazwa upande kwa pembe ya digrii 45, na kichwa chake ni cha aluminiamu. Hufanya kazi kwa kanuni ya mipigo minne, ambayo Mjerumani Nikolaus Otto aliitia katika injini yake ya mwaka 1876. Katika mpigo wa kwanza pistoni huvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Katika wa pili huishindilia. Katika wa tatu cheche huwasha mchanganyiko huo, na moto ukaisukuma pistoni chini kwa nguvu. Katika wa nne moshi hutolewa nje.

Maneno hayo ni mepesi kuyasema, lakini fikiri juu ya mwendo wake. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda na kushuka mara 50 katika sekunde moja, na kila silinda hupokea moto mara 25 katika sekunde hiyo hiyo. Nguvu yote hiyo hupelekwa kwenye kranki, yaani ule mhimili uliopindapinda ambao hugeuza mwendo wa juu na chini kuwa mwendo wa kuzunguka. Kranki hulala juu ya beringi, walakini injini inapozunguka sawasawa chuma cha kranki hakigusi beringi. Kati yake hupita oili katika nafasi isiyofika sehemu moja ya kumi ya milimita, na juu ya utando huo mwembamba ndipo unapoelea uzito wote. Utando ukikatika, chuma husaga chuma, na safari hukoma. Uhai wa motokaa nzima, pamoja na watu waliomo, umetundikwa katika nafasi ambayo abiria hawezi kuiona hata akipewa taa.

Kabla hatujaingia ndani, yafaa tusimame kidogo mlangoni. Yuko atakayeuliza kwa nini mtu apoteze miezi na fedha juu ya chuma kilichochoka, ilhali motokaa nyingine zimejaa mjini. Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Mtu ambaye jiko lake ni baridi hana ruhusa ya kununua pistoni. Na ikiwa ada ya shule ya mtoto itageuka kuwa beringi, kazi hiyo ni kosa hata ikifanywa kwa ustadi wa namna gani. Lakini palipo na nafasi, kuna heshima katika kukataa kukitupa kitu kwa sababu ya uzee wake tu. Chuma kile kiliyeyushwa na watu, kikachongwa na watu, na jasho lao bado limo. Kukirudishia uwezo wa kutumika ni namna ya kuwashukuru watu ambao hatutawaona.

Hata hivyo, anayetaka kuanza kazi kama hiyo ajue kwamba kufungua ni ahadi. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Injini yaweza kufunguliwa kwa siku moja au mbili. Kuifunga kwaweza kuchukua mwaka. Siku ya kwanza ni tamu kama arusi: spana zinang'aa, marafiki wamekuja kutazama, na kila bolti inayolegea huleta shangwe. Siku ya arubaini hapana rafiki. Lipo sanduku la vipande vyenye mafuta, ipo barua ya kusema kwamba kipuri fulani hakipatikani, na mfuko umekuwa mwepesi. Ndiyo sababu nyua nyingi zina motokaa iliyosimama juu ya mawe, boneti wazi, kuku wakitaga katika kiti cha nyuma. Motokaa ile ilipoletwa ilikuwa mgonjwa. Aliyeahidi kuiponya ndiye aliyeiua. Mwenye busara hujiuliza kabla ya kugusa bolti ya kwanza: Vipuri vitatoka wapi? Nani ana mashine ya kuchonga kranki? Fedha za kwanza zikiisha nitafanya nini? Kujiuliza hivyo ni mwanzo wa uaminifu, maana mtu humdanganya mwingine mara chache kuliko anavyojidanganya mwenyewe juu ya urefu wa njia.

Sasa injini imeshushwa na iko juu ya meza. Fundi mwangalifu hakimbilii kulegeza kila kitu. Kila kitokacho hukitia alama: pistoni ya kwanza haichanganywi na ya pili, wala vifuniko vya beringi havibadilishani mahali, kwa kuwa kila kimoja kimezoeana na mwenzake kwa miaka mingi. Bolti ndogo huziweka katika mikebe, na juu ya kila mkebe huandika zilikotoka. Kumbukumbu ya mtu ni kapu lenye matundu; fundi anayeitegemea peke yake atabaki na bolti tatu mkononi baada ya injini kufungwa, na hatajua zilikuwa zikishika nini.

Katika kufungua, jambo moja la ajabu hutokea. Fundi huanza kuwaona watu waliotangulia. Injini ni shahidi asiye na ulimi, lakini husema yote. Hapa pana beringi iliyowekwa kwa usafi, na juu ya kila bolti pana alama ya mtu aliyekaza kwa kipimo. Pale pana kipande cha bati kilichotiwa nyuma ya beringi iliyochakaa, ili kelele inyamaze mpaka motokaa iuzwe. Pengine gundi ya kuzibia imepakwa kwa wingi kama ugali, ikamenyeka ndani, na vipande vyake vikaziba njia ya oili. Mtu aliyeyafanya hayo labda alikwisha hama mji au alikwisha fariki dunia. Alidhani kwamba siri yake imefungwa na bolti. Kumbe aliiandika katika chuma, na leo imesomwa na mgeni.

Baada ya kusafisha huja kupima, na hapo jicho la binadamu hufedheheka. Kranki huweza kung'aa kama kioo na kumbe haina mviringo kamili tena. Silinda huweza kuonekana laini, na kumbe imelika zaidi upande wa juu ambako ringi za pistoni hugeukia. Kichwa cha aluminiamu kilichowahi kupata joto kupita kiasi huweza kupinda kidogo sana, kiasi ambacho huwezi kukijua mpaka ulaze juu yake rula ya chuma iliyonyooka na kutazama mwanga unaopita chini. Wahenga walituonya juu ya uzuri wa mkakasi, ambao ndani yake ni kipande cha mti. Kipimo hakijali uzuri wa nje, wala matumaini ya mwenye motokaa, wala haraka ya fundi. Husema ukweli mmoja kwa tajiri na kwa maskini.

Na hapa ndipo mtihani wenyewe ulipo. Kipimo kimesema kwamba silinda zimechakaa. Katika injini ya 404 silinda zimetengenezwa kama mirija ya chuma iitwayo laina, ambayo huweza kutolewa na nyingine mpya zikatiwa pamoja na pistoni zake. Gharama yake si ndogo. Iko njia fupi: kutia ringi mpya katika laina zile zile kuukuu, kusafisha nje, kupaka rangi, na kufunga. Injini itawaka. Itaunguruma vizuri. Mnunuzi atatabasamu. Baada ya miezi kadhaa itaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu, lakini wakati huo barabara itakuwa mbaya, au petroli itakuwa chafu, au dereva atakuwa hajui kuendesha, sababu hazikosekani. Nani atakayejua?

Tusifanye haraka ya kuhukumu, maana katika jambo hili watu wengi huchanganya mambo mawili. Kutengeneza kwa uwezo mdogo si udanganyifu. Mkulima akija na kusema, "Bwana fundi, sina fedha ya laina mpya, nataka motokaa inifikishe katika mavuno haya," fundi aweza kumjibu, "Mzee, nitakutilia ringi tu. Itakuchukua muda, lakini haitadumu, na ukiona moshi ujue ni wakati wake." Hapo kazi ni ndogo lakini uaminifu ni mzima. Ukweli uliosemwa umefanya kile kilichofichwa kionekane. Uovu huanza pale kazi ndogo inapovikwa nguo za kazi kubwa, na bei ya laina mpya inapotozwa kwa laina za zamani. Mizani ya haki haiulizi tu fundi alitia nini ndani. Huuliza pia alisema nini nje, na kama maneno mawili hayo yanakubaliana.

Sasa turudi kwa swali letu. Kwa nini mtu awe mwaminifu mahali ambapo hataonwa? Jibu la kwanza litolewalo ni hofu: njia ya mwongo ni fupi, na mwisho siri hufichuka. Jibu hili lina kweli ndani yake, lakini halitoshi. Tumeona kwamba injini husema, walakini aghalabu husema kwa kuchelewa, na humsemea mtu ambaye hana habari ya mkosaji. Hila nyingi hazigunduliwi kamwe. Mtu ambaye uaminifu wake umesimama juu ya hofu ya kukamatwa, atauacha siku atakapokuwa na hakika kwamba hatakamatwa.

Jibu la pili ni faida. Kizuri chajiuza, na fundi mwenye sifa njema hupata wateja. Hili nalo ni kweli, lakini ni kweli ya miaka mingi, na njaa ni ya leo. Mara nyingi soko huchagua bei nafuu na kumwacha stadi akipiga miayo mbele ya gereji yake. Uaminifu uliokopeshwa kwa tumaini la faida utadaiwa siku faida itakapokosa kuja.

Jibu la tatu ni kubwa zaidi. Watu hawawezi kuishi pamoja bila ya kutumainiana katika mambo wasiyoweza kuyaona. Mama anayepanda motokaa usiku pamoja na mtoto mgonjwa hawezi kwanza kufungua injini na kupima beringi. Hana ujuzi, hana spana, wala hana wakati. Amekabidhi maisha mawili kwa mkono wa mtu asiyemjua. Wako wasemao kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Lakini fundi mwema hukataa sheria hiyo katika gereji yake. Kwake yeye, asiyekuwapo ndiye mwenye haki kubwa zaidi, kwa kuwa hawezi kujitetea. Mteja aliyesimama karibu ana macho na mdomo. Mama yule wa usiku ana fundi tu.

Jibu hili huwatosha wale wanaofanya kazi kwa ajili ya wengine. Lakini nimesema kwamba mfano wetu ni mtu aliyeichukua injini kuukuu kwa hiari yake. Yamkini hana mteja, hana bwana, hana mkaguzi. Motokaa ni yake, na labda ataiendesha siku ya Jumapili peke yake. Akiacha bolti moja bila kuikaza kwa kipimo, amemwibia nani? Huenda msomaji akafikiri kwamba hapa deni limekwisha, kwa kuwa mdai na mdaiwa ni mtu mmoja. Mimi nafikiri kwamba hapa ndipo deni linapoonekana wazi kabisa, kwa kuwa kila sababu nyingine imeondolewa. Hofu imeondoka, faida imeondoka, na hata abiria ameondoka. Amebaki mtu na kazi yake. Akisema moyoni, "Bolti hii imekaza," na hajui kama imekaza, amesema uongo na ameusikia yeye mwenyewe. Tena aliyezoea kujikubalia uongo mdogo hupoteza kipimo cha ndani, na asiye na kipimo cha ndani hawezi kuwapimia watu wengine sawasawa. Mkono hauna desturi mbili, moja ya siku ya mteja na moja ya siku ya faragha. Kile unachojizoeza peke yako ndicho utakachokifanya mbele ya watu siku ya taabu, wakati usipokuwa na nafasi ya kuchagua.

Historia ya barabara zetu ina mfano unaofaa. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya motokaa yaliyopita katika Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yalijulikana ulimwenguni kwa jina la Safari Rally. Njia zake zilikuwa za vumbi, mawe na matope, na mvua ilikuwa mwamuzi asiyepokea rushwa. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, na mwaka 1968 yalikuwa 7 vile vile. Miaka yote miwili ushindi ulichukuliwa na Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Na mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland na Chris Rothwell walishinda katika motokaa ya aina hiyo hiyo. Mwaka 1965 Joginder Singh, ambaye alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva wa sifa, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha tumika kabla ya kuwafikia. Joginder akashinda tena mwaka 1974 na 1976.

Sisemi kwamba walioshindwa walikuwa na mafundi wabaya. Mto uliofurika humzuia mwema na mwovu, na bahati ina sehemu yake. Nasema tu kwamba katika njia ile hapana motokaa iliyofika kwa sababu ya rangi yake. Watazamaji waliosimama kando ya barabara waliona mwili wa motokaa ukipita katika vumbi. Lakini kilichoufikisha mwisho kilikuwa kazi ya mikono iliyofanywa siku nyingi kabla, ndani ya gereji, mahali pasipokuwa na makofi.

Vile vile Nairobi, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, yamefanyika kwa miaka mingi mashindano ya umaridadi wa motokaa. Waamuzi wake hawatazami rangi peke yake. Hutazama pia viti, injini kwa nje, na hata chini ya motokaa. Ni jambo jema, kwa kuwa hufundisha kwamba usafi hauishii mlangoni. Lakini hata mwamuzi mkali kuliko wote hafungui kichwa cha injini. Yako mahali ambapo alama za waamuzi hukoma, na kutoka hapo kwenda ndani mwenye motokaa hubaki kuwa mwamuzi wa nafsi yake.

Ewe msomaji kijana, huenda hutashika spana maisha yako yote. Haidhuru, kwa kuwa kila kazi ina kichwa chake cha injini, yaani mahali panapofungwa na kufichwa. Mwashi huzifunika nondo kwa zege, na baada ya siku moja hapana ajuaye kama ziliwekwa sita au nne. Muuguzi hupima dawa usiku wakati wagonjwa wamelala. Karani hujumlisha hesabu katika daftari ambalo watu wengi hawatalisoma. Mwanafunzi naye ana sehemu yake iliyofichwa. Mwalimu huona jibu la mwisho. Haoni kama lilitoka katika akili ya mwanafunzi au katika daftari la jirani. Cheti chaweza kupakwa rangi kama injini ile, kikang'aa ukutani na kumpendeza mzazi. Lakini elimu ni kama utando wa oili: haionekani, na siku ya mzigo mkubwa ndiyo pekee inayozuia chuma kisisage chuma. Aliyenakili akapita mtihani amejiuzia mwenyewe motokaa yenye bati nyuma ya beringi.

Wala asidhani mtu kwamba kazi ya uaminifu hushangiliwa mara moja. Injini iliyotengenezwa upya, siku inapowashwa, hailingani na ndoto. Ringi bado hazijazoeana na laina, na kila kiungo ni kigeni kwa mwenzake. Kwa hiyo huendeshwa kwa upole katika safari za kwanza, bila mzigo mzito na bila mbio, na oili hubadilishwa mapema ili kuondoa unga wa chuma uliosagika. Anayeikimbiza siku ya kwanza ili awaonyeshe rafiki zake huiharibu kazi ya miezi kwa furaha ya dakika. Haraka haraka haina baraka. Ubora wa kazi ile utajulikana polepole, kwa kukosekana kwa matata: moshi ambao haukutoka, kelele ambayo haikusikika, safari ambayo hapana aliyeikumbuka kwa sababu hapana kilichoharibika. Hiyo ndiyo sifa ya kazi iliyofichwa. Ikiwa mbaya, watu wote huisema. Ikiwa njema, hunyamaziwa. Atakaye kuifanya hana budi kuridhika na ukimya huo.

Liko jambo moja dogo ambalo mafundi wazuri hulifanya kabla ya kuiacha kazi. Huandika katika daftari vipimo walivyovipata, vipuri walivyovitia, na tarehe. Na kama kuna kitu walichokiacha kuukuu kwa kukosa fedha au kipuri, hukiandika pia bila haya. Daftari hilo hukaa pamoja na motokaa. Miaka itapita, mwenyewe atakufa au atauza, na siku moja mtu ambaye hajazaliwa bado ataifungua injini ile. Atakutana na chuma, na atakutana na maneno, na ataweza kulinganisha. Akikuta kwamba kila kilichoandikwa ndicho kilichomo, atajua kwamba alitanguliwa na mtu wa kweli, ingawa hatajua sura yake. Nasi sote, kila mmoja katika kazi yake, tunaifunga injini ambayo mwingine ataifungua. Yatupasa tuyaweke ndani yake yale ambayo hatutaona haya kuyakutwa.